Koplo Aliyejibu Salamu Zote

Nyinyi mlioandikwa kazi juzi mkapewa kiti cha kuzunguka na kompyuta yenye kioo chembamba, mjue kwamba mimi nilistaafu bila kuzungushwa na kiti chochote. Changu kilikuwa cha mbao, mguu mmoja mfupi, na chini ya huo mguu nilikuwa nimeweka fomu iliyoharibika, nimeikunja mara nne. Nilikikalia zaidi ya miaka ishirini katika ofisi moja ndogo pale Kajiado, ofisi iliyopokea madai ya wanajeshi wastaafu walioumia kazini. Mtu alikuja na goti lililovunjika mazoezini, au jicho lililoingiwa na kipande cha chuma. Mimi ndiye niliyemsikiliza kwanza, nikajaza fomu, nikafunga faili, nikalituma Nairobi kwa bodi ya madaktari. Bodi ikikubali, mzee anapata pensheni ya ulemavu mpaka mwisho wa maisha yake. Ikikataa, anarudi nyumbani na goti lake.

Nawaambia bila haya: nilikuwa karani hodari. Naitwa Mwikali, Mkamba wa Machakos niliyehamia Kitengela wakati bado unaweza kuona pundamilia kutoka dirisha la jikoni, na mwandiko wangu ulisomwa Nairobi bila miwani. Faili langu halikurudishwa hata mara moja kwa kukosa muhuri. Najisifu, ndiyo. Nimestaafu, na mtu wa kunikataza amebaki mume wangu, ambaye naye ameshachoka.

Kama mliwahi kuingia ofisi ile kabla haijapakwa rangi upya, mliona karatasi ukutani, upande wa karani, yenye maneno mawili kwa herufi kubwa: USIANDIKE SALAMU. Wageni waliisoma wakatazamana. Karatasi ile niliibandika mimi, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, kuliko hata cheti nilichopewa siku ya kustaafu, ambacho waliandika jina langu Mwikari. Nataka kuwaeleza ilivyofika pale ukutani, maana baadhi yenu sasa mnakaa kwenye kaunta kama yangu, na nikipita naona mkirudia kosa langu.

Makosa ya kawaida yalikuwa mengi, na mengine yalichekesha. Fomu zilikuwa za Kiingereza, na wazee walikuwa wa Kiswahili, Kimaasai, Kikamba na Kikuyu. Sasa, Kiingereza kina neno la kiganja na neno jingine la kuanzia hapo mpaka begani. Sisi tuna mkono, basi. Mzee anasema mkono umekatika, karani aliyenitangulia anaandika kiganja, na mtu aliyekatwa mpaka kwenye kiwiko anahesabiwa kama aliyekatwa kiganja tu. Bwana Kariuki, karani mkuu wetu, ndiye aliyenifundisha dawa yake. Usimuulize mtu anaumwa wapi. Mwambie aguse, kisha wewe uguse mahali hapo hapo kwenye mwili wako, ndipo uandike. Wiki za kwanza nilionekana kama mtu anayewashwa, lakini sikuwahi kupunguza mkono wa mtu.

Huyo Bwana Kariuki alikuwa mtu wa Nyeri, mwembamba, mwenye sweta moja ya kijani na wembe wa kuchongea penseli ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea aliweka karatasi mbele yako na kusema, "Soma kwa sauti." Ukisoma unalikuta kosa mwenyewe. Siku moja nilikuwa nimegeuza karatasi ya kaboni kwenye taipureta, barua nzima ikajichapa kinyumenyume mgongoni mwa barua yenyewe, na nakala ikatoka nyeupe pe. Akaniwekea ile nakala nyeupe.

"Soma kwa sauti."

"Hakuna kitu, Bwana Kariuki."

"Vizuri," akasema, akaenda zake.

Alinifundisha pia kwamba mtu mwenye mguu mbovu humtazami akiwa amekaa. Unamtazama kutoka dirishani anapotoka langoni, kabla hajajua anatazamwa. Na mwenye mkono mbovu unampa chai. Ukiona kikombe kimeshikwa vipi, nusu ya fomu umeshaijaza.

Lakini somo hilo la dirishani liliniharibu kidogo, kwa sababu siku moja lilinipa ushindi mkubwa. Mwanamume mmoja alichechemea kutoka langoni mpaka kaunta, jasho linamtoka, tukamhurumia. Tukiwa katikati ya fomu, mbuzi wa jirani akaingia uani akaanza kula kofia aliyoiacha kwenye benchi. Yule bwana alimfukuza yule mbuzi mpaka karibu na barabara ya Namanga, akarudi na nusu ya kofia, na alikumbuka kuchechemea akiwa ameshafika mlangoni. Nilicheka wiki nzima. Kuanzia siku hiyo nilijiona mpelelezi, na kila aliyesimama mbele yangu nilimtafutia mbuzi wake.

Kwa waliodai kwamba masikio yameharibika, nilitengeneza mtego wangu mwenyewe. Nilimkaribisha mtu vizuri, nikaanza salamu ndefu, na kila swali nikilishusha sauti zaidi ya lile lililopita, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Mwongo anayejifanya kiziwi atakumbuka kuwa kiziwi wakati wa maswali ya fomu. Wakati wa salamu anajisahau, anajibu. Nilimnasa mmoja hivyo, nikanasa wa pili, na Bwana Kariuki mwenyewe aliniambia ni ujanja mzuri. Nikavimba kichwa.

Ndipo akaja Koplo Meitamei.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mmaasai mrefu, amevaa koti la suti juu ya shuka, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Alikuwa wa kikosi cha mizinga miaka mingi, na alileta barua ya daktari iliyosema masikio yake yote mawili yameharibiwa na milio. Kabla sijainua kichwa alisema, "Takwenya!" ambayo ni salamu ya mzee wa Kimaasai kwa mwanamke.

"Iko," nikajibu, kama inavyojibiwa. Kisha nikatega mtego.

"Habari ya nyumbani, mzee?"

"Mzuri."

Nikashusha sauti. "Watoto je?"

"Wazima."

Nikashusha tena, nikijifanya natafuta penseli. "Na ng'ombe?"

"Wazima, tunashukuru."

Hapo nilikuwa nanong'ona kama mtu aliye kanisani. "Kwenu imenyesha?"

"Bado kidogo."

Nikasema moyoni, mbuzi amepatikana. Nikagonga sikio langu kwa kalamu na kumuuliza kwa sauti ya kawaida kama yanamsumbua sana. Akasema, "Kidogo tu." Mengine niliyajaza kutoka kwenye cheti chake cha jeshi. Mwisho wa fomu palikuwa na sehemu ya maoni ya karani, na nilipenda sehemu ile, kwa sababu ndipo mwandiko wangu ulipopata nafasi ya kutembea. Niliandika kwamba mwombaji alijibu maswali yote yaliyoulizwa kwa sauti ya chini, bila kurudiwa hata moja. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Daktari alisema hasikii, karani alisema anasikia. Bodi ilimwamini karani, kwa kuwa karani ndiye aliyezungumza naye, na kwa kuwa karani mwenyewe alikuwa Mwikali wa Kajiado ambaye mafaili yake hayana doa. Barua ya kukataliwa ilipokuja, koplo aliipokea mikononi mwangu, akaisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Asante, mama," akatoka. Hakubisha. Mimi nimewaona waongo wakikataliwa, na wanabisha mpaka askari wa lango aitwe. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa nimeshafungua faili lingine.

Sasa niwapeleke Kitengela. Kila Jumamosi nilinunua maziwa sokoni kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyeitwa Mama Nashipai. Tulikuwa tumezoeana kwa mzaha wa kila wiki. Mimi nikimwambia maziwa yana maji, yeye akiniambia Wakamba hawajui maziwa, wanajua maji tu. Kwa mwaka mzima na zaidi sikujua mumewe ni nani. Jumamosi moja nikamkuta amekaa kando ya mitungi yake, analia.

"Kuna nini, Mama Nashipai?"

"Mbwa yetu imekufa. Lori ya mawe imeikanyaga jana."

Nilimpa pole, lakini kwa kweli nilishangaa. Sijawahi kuona mtu mzima akililia mbwa sokoni. Nikamwambia asilie, jirani yangu ana mbwa wachanga wengi hata hajui awapeleke wapi, nitamletea mmoja.

"Huyo atajua kukimbiza mzee?"

"Kumkimbiza mzee gani?"

"Mzee yangu ni mlinzi wa mchana huko kware, kwa mawe. Wakitaka kulipua baruti wanapiga filimbi. Mbwa ikisikia filimbi inatoroka. Mzee akiona mbwa imetoroka, na yeye anatoroka. Hiyo mbwa ndiyo ilikuwa masikio yake."

"Kwani yeye mwenyewe hasikii filimbi?"

"Filimbi!" Akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Huyo hata radi hasikii. Alikuwa askari ya mizinga. Alienda Kajiado kuandikisha hiyo maneno ya masikio, kuna mama fulani huko kwa ofisi akaandika ati anasikia. Sasa ndiyo akaingia kware, kwa sababu tutakula nini?"

Chupa yangu ya maziwa ilikuwa mkononi, tupu. Nikamuuliza, na najua niliuliza ili nijitetee, "Lakini si anajibu salamu?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nani hajui salamu? Anaanza yeye, ndiyo ajue mahali imeanzia. Halafu anafuata tu, akiona mdomo ya mtu imetulia anajibu. Ya kwanza ni nyumbani, ya pili watoto, ya tatu ng'ombe, ya nne mvua. Watu wote wanasalimia hivyo. Anaona aibu kuambia mtu rudia, rudia. Mpaka watu wa ukoo wengine hawajui."

Sikumwambia kwamba huyo mama fulani ni mimi. Naona aibu mpaka leo kulisema, lakini nililipa maziwa ambayo sikuyabeba, nikaondoka.

Mtego wangu ulikuwa umemnasa mtu mmoja ambaye hangeweza kuukwepa. Wale waongo wawili walijisahau kwenye salamu kwa sababu walisikia. Koplo alizijibu zote, tena kwa mpangilio, kwa sababu hakusikia hata moja. Mimi mwenyewe nilimuuliza kwa mpangilio ule ule, kwa kuwa nami ndivyo nilivyolelewa. Mzungu asiyejua salamu zetu hangeweza kufanya kosa lile. Lilihitaji mtu wa hapa, mwenye adabu zake.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kule kware, kwenye machimbo ya mawe. Vumbi la mawe lilikuwa limepaka kila kitu rangi moja, hata majani. Nilimwona koplo upande wa juu, amesimama karibu na rundo la nyundo na patasi alizozilinda, wima kama yuko kambini. Filimbi ikalia. Wachongaji wakaacha mawe wakaanza kutembea kwenda kwenye kichaka, bila haraka, kama watu waliozoea. Koplo hakugeuka. Kijana mmoja Mkamba aitwaye Mutuku akainama, akaokota kijiwe, akamrushia begani. Koplo akashtuka, akaona migongo ya wenzake, akawafuata. Kidogo baruti ikalia, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu.

Mutuku alinifuata nilipokuwa naondoka, kwa kuwa alijua sina shughuli pale.

"Mama, tafadhali usiambie supavaiza. Akijua, mzee anafutwa leo leo."

"Na siku kijiwe kikikosa?"

"Mpaka saa hii haijakosa," akasema.

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Nikisema kwa supavaiza, koplo anapoteza kazi aliyoipata baada ya mimi kumnyima haki yake. Nikinyamaza, maisha yake yako juu ya shabaha ya Mutuku. Kulikuwa na mlango wa tatu tu, na mlango huo ulipita juu ya jina langu.

Jumatatu asubuhi nilimweleza Bwana Kariuki kila kitu, nimesimama. Alivua miwani akaisugua kwa sweta muda mrefu. Kisha akatoa faili, akalifungua kwenye maoni ya karani, akaliweka mbele yangu. Nilijua atakachosema.

"Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye sahihi yenye mkia nikalia pale pale kwenye kaunta, watu wawili wakingoja huduma. Hakunibembeleza. Alinipa karatasi safi akaniambia niandikie bodi.

Vijana, hapa sikilizeni, maana hili mtalihitaji. Kwa Kiingereza cha ofisi kosa huwa halina mwenyewe. Linatokea tu, kama upele. Imegundulika kwamba, imeonekana kwamba, kulitokea kutoelewana. Nami niliandika barua nzuri sana ya namna hiyo, yenye aya tatu, na mtu hata mmoja hakuwamo ndani yake. Bwana Kariuki aliisoma, akachukua penseli yake iliyochongwa, akaikata aya ya kwanza yote.

"Anza na jina lako," akasema. "La koplo wanalijua."

"Na ile nafasi?" nikamuuliza. Alikuwa anakaribia kustaafu, na watu wote walijua kiti chake kinaningoja mimi.

"Hiyo nafasi itajijua. Wewe unaandika ama huandiki?"

Nikaandika. Mimi, Mwikali, karani, nilikosea. Nilimpima mwombaji huyu kwa salamu, na salamu si maswali. Niliomba aitwe mbele ya bodi, nami niitwe pamoja naye. Sahihi niliitia bila mkia. Nimeandika barua nyingi maishani, za harusi na za mashtaka ya shamba, lakini hiyo ndiyo ninayoipenda. Kiti cha karani mkuu nilikuja kukikalia, lakini kwanza kilikaliwa na mtu mwingine miaka mitatu, kwa sababu ya karatasi ile. Siidai hiyo miaka kwa mtu.

Bodi haikimbii. Wiki zilipita. Nilimpelekea Mama Nashipai yule mbwa wa jirani, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba yule mama wa ofisini ni mimi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Kisha akampokea mbwa. Maziwa aliniuzia, lakini mzaha ulikwisha kwa muda mrefu. Kila Jumamosi nilikuwa nikiutazama uso wake nikiwa bado mbali, kabla ya kusogea karibu, nijue kama Mutuku bado hajakosa.

Na yule mbwa? Alikuwa hodari kupita kiasi. Mutuku aliniambia filimbi ikilia, anabaki amelala kwenye jua. Baruti ikilia, anainua kichwa tu, kisha anakilaza tena. Nilijilaumu kwa kumpelekea askari mbwa jasiri wakati alihitaji mbwa mwoga.

Siku ya bodi tulikaa chumba kimoja, koplo, mimi, na madaktari watatu nyuma ya meza ndefu. Alikuwa na koti lile lile na viatu vile vile vinavyong'aa. Nilikuwa nimewaomba kwa barua wasianze na salamu. Lakini nani ataona mzee ameingia asimsalimie? Mwenyekiti aliinuka, akampa mkono, wakaenda nyumbani, wakaenda kwa watoto, wakaenda kwa ng'ombe, na koplo alijibu zote. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama, huyu mzee anasikia kuliko mimi."

Nikaomba ruhusa ya kuuliza mimi. Nikainua faili nikafunika mdomo, nikaongea kwa sauti ile ile tuliyokuwa tukiitumia sote.

"Mzee, nyumba yako imeungua leo?"

Aliona macho yangu yamemwelekea. "Mzuri," akasema.

"Watoto wamepotea?"

"Wazima."

"Ng'ombe zote zimeibiwa?"

"Wazima, tunashukuru."

"Na gari ya daktari, umeiba?"

"Bado kidogo."

Daktari mmoja kijana alicheka kabla hajajizuia, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Koplo alimwona akicheka. Akatutazama uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono ubavuni, akasimama hivyo mpaka walipomwonyesha mlango. Mimi niliyekuwa nimeshinda nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimempokonya kitu alichokilinda miaka yote, tena mbele ya wanaume wenzake, kwa mzaha wa gari. Tulirudi Kajiado kwa basi moja, viti tofauti, na hakuniangalia.

Mnaona kwa nini nawaambia msiandike salamu. Ofisi ilipoletewa kompyuta miaka ya elfu mbili, niliwakuta wenzenu wanaijaza ile sehemu ya hali ya mwombaji kabla hata mzee hajaketi. Habari mzee? Mzuri. Tap, tap, tap, mzuri. Niliwazuia mikono, na siku hiyo nikaibandika ile karatasi ukutani. Mtu wa hapa akiulizwa habari anasema mzuri hata kama amebebwa kwenye machela. Hajasema uongo, amekupa heshima yako. Maswali yanaanza baada ya hapo. Muulizeni asubuhi alifungwa viatu na nani. Muulizeni jana alishindwa kufanya nini. Angusheni funguo nyuma yake muone kama atageuka. Na mkimuuliza kitu kwa mpangilio aliouzoea, geuzeni mpangilio.

Barua ya bodi ilifika asubuhi moja ya baridi, na ilikuwa imekubali, masikio yote mawili. Nikamtumia koplo habari kupitia kwa Mama Nashipai kwamba aje kutia sahihi. Nilijiandaa. Nilijua atasema Takwenya, nitasema Iko, tutapita nyumbani na watoto na ng'ombe na mvua, kisha atachukua karatasi yake na sitamwona tena.

Alikuja siku ya pili. Nilimtazama kutoka dirishani, anavyotoka langoni. Akafika kaunta, asiseme Takwenya. Akatoa mfukoni daftari la shule na penseli, akavisukuma mpaka mbele yangu.

"Mama," akasema, kwa sauti kubwa iliyowageuza wote waliokuwa kwenye benchi, "mimi sisikii. Andika."

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wote kwamba bodi imekubali, na kwamba anisamehe. Alisoma akifuata kwa kidole. Alitia sahihi mahali pa sahihi. Nikadhani amemaliza. Lakini hakuondoka, naye aliuacha ukurasa wazi mbele yangu, kwa hiyo nikachukua penseli nikaandika salamu, ya pekee niliyoiandika katika kazi yangu yote: Habari ya nyumbani?

Aliisoma mara mbili. Akavuta kiti, akaketi, akavua kofia.

"Mbaya," akasema. "Nashipai iko na kikohozi tangu wiki ingine. Ng'ombe mbili zimekufa, na mvua hakuna. Mama yake ananikasirikia, sijui ni nini, sisikii akiniambia. Kware nimeacha leo asubuhi, nikaaga Mutuku, akalia. Na hii mgongo inauma."

Nilikuwa naandika haraka, nikigusa mgongo wangu mahali alipogusa wake. Akaningoja nimalize. Kisha akainama juu ya kaunta, akashusha sauti kwa mara ya kwanza, kama mtu anayetoa siri ya mwingine.

"Na ile mbwa ulituletea," akasema. "Mama, hiyo pia haisikii."